Mila za Watu Si Shamba Lisilo Mwenyewe

Utamaduni wa watu si shamba lisilo mwenyewe, ambalo kila mpita njia aweza kuingia, akachuma apendacho na kwenda zake. Kauli hii huenda ikaonekana nzito mno kutamkwa kuhusu mchezo. Hata hivyo, mchezo ninaokusudia kuuzungumzia hauchezewi uwanjani wala haupulizwi kipenga. Huchezwa kwa maneno, na maneno, kama walimu wa lugha wajuavyo, hayasahauliki upesi.

Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi: ndiye anayeusawiri ulimwengu wa kubuni, miji yake, watu wake na hatari zake. Waliosalia, kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika, akasema na kutenda kama yeye, na dadu ndizo huamua kama tendo limefaulu au limegonga mwamba. Ni uigizaji usio na jukwaa. Mchezo maarufu kuliko yote ya aina hii, Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka wa 1974. Leo unachezwa katika nchi nyingi, hasa na vijana.

Ulimwengu wa kubuni hauzuki patupu. Watunzi wa michezo hii walitegemea sana hekaya za Ulaya, kisha wakanyosha mikono kwa wengine. Mwaka wa 1985 kilitoka kitabu kiitwacho Oriental Adventures, ambacho kiliitia Japani, Uchina na majirani zao katika chungu kimoja, kana kwamba Asia ni kijiji. Katika masimulizi mengine ya mchezo uo huo walibuniwa Wavistani, watu wa kuhamahama wanaohusishwa na ramli, ulevi na wizi. Mfano wao haukufichika: ni Waroma wa Ulaya, jamii ambayo imeandamwa na kejeli za namna hiyo kwa karne nyingi, na ambayo Wanazi waliwaua watu wake kwa mamia ya maelfu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mnamo Juni 2020, kampuni inayoumiliki mchezo huo, Wizards of the Coast, ilikiri hadharani kwamba taswira hiyo ilirudia dhana potovu kuwahusu Waroma, ikasema kuwa inashirikiana na mshauri kutoka jamii hiyo ili kuirekebisha.

Nasi Waafrika tumesawiriwaje? Mwaka wa 2002 shirika la Atlas Games lilichapisha Nyambe, kitabu cha Mmarekani Chris Dolunt kuhusu bara la kubuni lililofinyangwa kwa udongo wa Afrika. Nia yake ilikuwa njema: kuonyesha falme, dini na mashujaa badala ya ule msitu wa giza tuliouzoea katika filamu za kale. Lakini humo yumo kitunusi. Msomaji wa pwani anamjua kitunusi kuwa kiumbe wa majini, anayetajwa kwa hofu katika masimulizi ya wazee. Kitabuni amegeuzwa kabila la vijitu vifupi vinavyoshika nafasi ya vile vya hekaya za Ulaya. Jina limebaki, maana imehama. Kijana wa ng'ambo asiyewahi kusikia masimulizi yetu hana kitunusi mwingine ila huyo.

Yamkini msomaji atauliza: je, sisi wenyewe hatukuazima? Abu Nuwas alikuwa malenga wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Waswahili wamemfanya Abunuwasi, mjanja anayewazidi wafalme kwa akili. Hoja hiyo ina uzito, na hakika sioni fasihi itakayoishi bila kuazima. Lakini Waswahili na Waarabu walikuwa wameoana na kufanya biashara karne nyingi, na Waarabu walikuwa na vitabu vyao ambamo walijieleza wenyewe. Hakuna aliyemchukua Abunuwasi kuwa ndiye picha ya Waarabu wote. Madhara huja pale aazimaye ana sauti kubwa kuliko mwenye mali, na yule asikiaye hana pengine pa kuuliza.

Dawa, basi, si kupiga marufuku kuazima. Mwaka wa 2022 ulitoka mchezo uitwao Coyote & Crow, ulioongozwa na Connor Alexander wa taifa la Wacherokee na kuandikwa na wenyeji asilia wa Marekani. Unasawiri bara la Amerika ambalo halikutawaliwa kamwe na wakoloni. Wasio wenyeji wanakaribishwa kucheza, ila wanaombwa wasiingize mezani yale wanayodhani wanayajua kuhusu makabila halisi, bali waufuate ulimwengu uliobuniwa. Mgeni amefunguliwa mlango, na mwenye nyumba amebaki mwenye nyumba.

Somo hili halihusu wenye dadu peke yao. Katika tamasha za drama za shule zetu, mara ngapi tumemwona mhusika ambaye kazi yake yote ni kuchekesha kwa lafudhi ya kabila fulani? Mara ngapi mavazi ya jandoni yamevaliwa jukwaani na wasiojua yana maana gani kwa wenyewe? Nchi iliyozika watu wake kwa sababu ya ukabila mwanzoni mwa mwaka wa 2008 haipaswi kuona mambo hayo kuwa mzaha mtupu.

Mwalimu anayewaandaa wanafunzi kuigiza watu wa jamii nyingine na awaulize maswali matatu. Ni jamii gani hasa, kwa jina lake, wala si "watu wa huko"? Tunachokiazima ni pambo, au ni ibada ambayo wenyewe wangali wanaitukuza? Na je, mmoja wao akiketi mstari wa mbele, atajiona mtu au atajiona kinyago? Jibu la swali la tatu lisipatikane kwa kubahatisha. Aghalabu darasani mna mtoto wa jamii hiyo, na nyumbani kwao mna bibi anayejua. Kuuliza si ujinga.

Nanyi wanafunzi, liandikeni la kwenu. Kitunusi bado anangoja mtunzi atakayemrudisha majini.