Ukilipia tangazo la Google, nunua neno la mwenye shida

Mkandarasi mdogo wa mapaa jijini Dar es Salaam, mwenye laki tatu tu za matangazo kwa mwezi, hawezi kununua kila neno. Na masika haisubiri mtu. Kwenye matangazo ya utafutaji ya Google unalipa tangazo likibofywa, hata kama aliyebofya hakuwa na haja na wewe. Basi kabla ya kuweka neno jiulize: anayeandika hivi anataka fundi, au anapita tu?

"Mkandarasi" peke yake ni neno bovu. Huenda anayeliandika anatafuta usajili wa CRB, zabuni za NeST au ajira. "Paa" ndiyo kabisa: wapo wanaotaka picha za ramani, bei ya bati, hata habari za mnyama wa porini. Ila "fundi wa paa linalovuja Mbezi" huandikwa na wachache, na hao wameshatega ndoo sebuleni. Nunua hilo. Weka na maneno ya Kiingereza, kwani wateja wengi wa mjini huchanganya.

Namna ya kuliandika neno nayo ina gharama. Ukiliacha bila alama, mfumo unaruhusiwa kukuletea utafutaji wa mbali unaodhani unafanana. Alama za kunukuu hubana kiasi. Mabano ya mraba hubana zaidi, ingawa nayo hupitisha maneno yenye maana ileile. Mwenye fedha kidogo aanze na mabano na nukuu, asubiri wateja wachache lakini wa kweli.

Kisha weka maneno ya kuzuia: ajira, mafunzo, VETA, picha, "jinsi ya". Hapa wengi huumia, kwa sababu ukizuia "mafunzo" hujazuia "funzo". Umoja na wingi viandikwe vyote. Kila wiki fungua ripoti ya maneno ambayo watu waliandika kweli, uzuie yasiyo na faida.

Sasa makato yasiyoonekana. Ukiweka bajeti ya sh. 10,000 kwa siku, siku moja inaweza kukatwa hadi sh. 20,000; kinga yako ni kwamba mwezi hauvuki takribani sh. 304,000. Jumlisha kodi inayoongezwa kwenye ankara, na kama kadi inalipa kwa fedha za kigeni, makato ya benki. Unapofungua kampeni, ondoa tiki kwenye tovuti washirika na matangazo ya picha. Kwenye eneo, chagua watu waliopo Dar, si wanaopendezwa na Dar, labda kama unajengea Watanzania walio nje.

Wakala? Kwa laki tatu, ada yake itakula chakula cha tangazo. Ukimwajiri, akaunti iwe kwa jina lako, la sivyo siku mkiachana anaondoka na kumbukumbu zote.

Piga hesabu mapema. Tuseme mbofyo mmoja ni sh. 500, na kati ya mibofyo 20 inapatikana simu moja: simu hiyo imekugharimu sh. 10,000. Wapigaji wanne wakitoa kazi moja, mteja mmoja ni sh. 40,000. Kuziba tundu la msumari hakubebi gharama hiyo. Kuezeka upya nyumba nzima kunabeba. Kwa hiyo maneno ya kazi ndogo ndogo yaachie ukurasa wa biashara kwenye ramani za Google: ni bure, una namba ya simu na maoni ya wateja, na ungepaswa kuufungua kabla ya kulipia chochote.

Ukiwa na fedha ya mwezi mmoja tu, nunua maneno matano hadi kumi yenye kazi na mtaa ndani yake, simu iwe na mtu wa kuipokea, na neno lililokula fedha bila kuleta hata simu moja lifute bila huruma.