Kwa Nini Siagi Hukataa Kutoka?

Ndugu mfugaji, je, umewahi kusuka maziwa mpaka mkono ukafa ganzi, na siagi isitoke? Usimlaumu ng'ombe wala kibuyu. Kwanza yafahamu maziwa yenyewe.

Lita 20 za maziwa yenye mafuta asilimia 4 zina gramu 800 hivi za mafuta. Mafuta hayo yamo katika matone madogo mno. Jicho haliwezi kuyaona. Kila tone limevaa nguo. Nguo hiyo ni utando mwembamba wenye protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Utando huo huyazuia matone yasishikamane.

Unaposuka, matone hugongana. Povu na mtikisiko hupasua utando. Matone yaliyovuliwa nguo hushikamana, yakawa chembe, kisha bonge la siagi.

Maziwa yakiwa na joto jingi, mafuta huyeyuka na siagi haishikani. Yakiwa baridi mno, mafuta huwa magumu, nayo hayashikamani. Kwa hiyo suka alfajiri, au weka chombo ndani ya maji baridi kwanza. Usijaze chombo kupita nusu. Hewa isipokuwepo, povu halitoki. Chembe zikifikia ukubwa wa punje za mtama, acha kusuka. Chuja, kisha osha siagi kwa maji yaliyochemshwa na kupoa.

Lakini sikiliza jambo la pili. Kama unauza maziwa mabichi, utando huo ni mlinzi wako. Usiupasue!

Maziwa yakitikisika sana njiani, utando hupasuka. Protini nyingine za maziwa huziba palipopasuka. Lakini kiraka si sawa na nguo nzima. Ndani ya maziwa mabichi kuna kitu cha asili kinachovunjavunja mafuta. Kikipata mwanya, hugeuza mafuta kuwa asidi za mafuta. Sabuni pia hutengenezwa kutokana na asidi za namna hiyo. Ndiyo maana maziwa hayo huwa machungu, au huwa na ladha ya sabuni. Mnunuzi atayakataa, na jasho lako litapotea bure.

Ufanye nini? Poza maziwa mara baada ya kukamua. Tumia chombo safi kinachoenea maziwa yako, yasipate nafasi ya kuchezacheza. Funika vizuri. Yafikishe mapema.

Maziwa ya kunywa nyumbani yachemshe. Moto huua vijidudu vya maradhi. Pia hukiharibu kile kitu kinachovunja mafuta.

Kumbuka, ndugu msomaji: ukitaka siagi, pasua utando. Ukitaka kuuza maziwa, ulinde utando. Mfugaji anayejua tofauti hiyo hapati hasara mara mbili.