Dagaa wa shangazi

Shangazi yangu anafanya biashara ya samaki wakavu kati ya Kigoma na Rumonge. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, alirudi na magunia manne ya dagaa aliyonunua kwa bei ya kutupa. Bei ile peke yake ingetosha kumshtua, maana dagaa walikuwa wameadimika. Sokoni Rumonge wateja walichota kiganja, wakatazama, wakarudisha. "Hawa si ndagala wetu," walisema. Magunia yale yaliishia kwa wafuga kuku.

Jioni alinijia na samaki wachache ndani ya gazeti. "Mwalimu, wewe uliyesoma, niambie hiki ni kitu gani. Yule mtu aliniambia ni dagaa."

Muuzaji hakusema uongo, na hapo ndipo penye utata. Mimi nilizaliwa Katumba, Tanzania, wazazi wangu walikimbilia huko mwaka 1972. Neno dagaa nimekua nalo. Niliporejea Burundi mwaka 2009 kufundisha baiolojia, nililitamka darasani wanafunzi wakanitumbulia macho, mpaka mmoja akauliza, "Mwalimu anasema ndagala?" Kumbe tulikuwa tukila samaki yule yule.

Wa shangazi walikuwa wengine: dagaa wa Ziwa Victoria. Wakenya humwita omena, Waganda mukene. Wataalamu humwita Rastrineobola argentea. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wako wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, nao ni wa jamaa ya saradini wa baharini. Yule wa Victoria si ndugu yao hata kidogo. Yuko karibu zaidi na ningu. Udogo na mng'ao wa fedha ndivyo vinavyotudanganya.

Utaratibu huu wa majina mawili ulienezwa na Msweden Carl Linnaeus. Kwa wanyama, kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo. Jina la kwanza ni la jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi, kwa herufi ndogo. Anayelitoa huandikwa pembeni pamoja na mwaka. Stolothrissa tanganicae hufuatwa na Regan, 1917. Limnothrissa miodon hufuatwa na Boulenger, 1906, lakini ndani ya mabano, kwa sababu Boulenger alimweka katika jenasi nyingine, na Regan ndiye aliyemhamisha. Hata samaki huhamishwa makazi, na mabano ndiyo karatasi zake za uhamisho!

Huyo miodon amesafiri hasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichukuliwa Tanganyika akapandikizwa Ziwa Kivu. Leo Wanyarwanda humwita isambaza, na kule Bukavu na Goma ni sambaza. Katika miaka ya 1960 akapelekwa Kariba, ambako ni kapenta. Mfanyabiashara wa Bukavu akikuuzia sambaza, amekuuzia ndugu wa damu wa ndagala.

Kuna pia jina linalofanana likaficha tofauti. Sangala wa mikahawa ya Bujumbura na sangara wa minofu ya Mwanza ni jenasi moja, Lates, ila spishi mbalimbali. Wa Victoria ni Lates niloticus, aliyepandikizwa huko miaka ya 1950. Na mukeke wetu, ambaye Kigoma ni mgebuka, naye ni Lates: Lates stappersii.

Shangazi alinisikiliza, kisha akauliza swali la maana kuliko yote: atawatambuaje gizani, ghalani, muuzaji akiwa na haraka? Tulilowesha samaki wa kila aina. Wa Tanganyika, ukipitisha kidole tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani, unahisi vigamba vikali vimepangana kama meno ya msumeno. Wa Victoria tumbo lake ni laini.

Sasa akienda Kigoma hubeba kichupa cha maji. Wauzaji wanamcheka. Majina ya Kilatini hakuyashika hata moja, akirudi huniambia tu, "Mwalimu, leo nimeleta wa msumeno."