Nguzo za Nabii Suleiman Katika Jumba la Frimasoni

Kutoka Kakamega mpaka Lamu, likitajwa neno Frimasoni watu hushusha sauti. Husemwa kuna damu, kuna majini, kuna utajiri wa usiku mmoja. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ilipotolewa 1999, Frimasoni nao walitajwa humo.

Jumba lao la Nairobi halikujificha. Liko barabara ya Nyerere tangu mwaka 1935. Alama zao, fundi yeyote wa Mombasa anazijua, kwani ni zana zake: bikari, skwea, timazi na pimamaji. Chama hiki, ambacho baraza lake kuu liliundwa London mwaka 1717, kimeazima lugha ya waashi. Bikari humwonya mtu asivuke mpaka wa matamanio yake. Skwea humtaka anyooshe mwenendo. Huwekwa na mawe mawili, moja kama lilivyotoka machimboni, la pili limechongwa likalainika. Huyo ni mwanadamu kabla ya kufunzwa na baada yake.

Sakafu ya ukumbi wao huwa ya miraba myeupe na myeusi, neema na dhiki. Mkuu hukaa mashariki, kunakochomoza jua. Nguzo mbili huitwa Boazi na Yakini (jina ambalo sikio la Mswahili hulipokea kwa maana nyingine kabisa), nazo ni mfano wa zile za hekalu la Nabii Suleiman.

Hapo ndipo ninapostaajabu. Katika kisa chao hekalu lilijengwa na mafundi, chini ya bingwa wao Hiram, wala hamna jini. Ni sisi tuliosoma Sura ya Sabaa chuoni tunaojua kuwa majini walimjengea Suleiman mihirabu, wakaendelea kutumika hali yeye amekwisha kufa ameegemea fimbo yake, hata mchwa alipoila akaanguka.

Wala sisemi watu wajiunge. Maulamaa waliokutana Makka mwaka 1978 waliharamisha jambo hilo, na hoja zao zilikuwa siri, viapo na siasa za chama. Damu haikuhitajika. Muislamu anayeingia humo huletewa Msahafu aapie, aweke mkono wake juu ya maneno ya Mola ili atunze siri za watu. Na hilo kwangu ni zito kuliko porojo zote za barazani.