Dhana ya "Kuingiliana" katika Injini za Dizeli za Turbo: Vipimo, Hitilafu na Lugha ya Gereji katika Mazingira ya Kilolo

1.0 Utangulizi

Katika gereji za Ilula na za Iringa mjini, ambako magari mengi ya Wilaya ya Kilolo hupelekwa kutengenezwa, kitenzi "kuingiliana" hubeba uzito wa fedha kuliko maneno mengi ya kiufundi. Mwenye gari huuliza kama hedi ya injini fulani inaingiliana na ya gari lake. Fundi hujibu ndiyo au hapana, na kwa jibu hilo moja mavuno ya msimu mzima yanaweza kugeuka kuwa injini nzima au kuwa chuma chakavu.

Makala hii inaeleza injini ya dizeli yenye turbo kwa kuzingatia mambo matatu: vipimo vyake, hitilafu zake za kawaida, na uwezekano wa kubadilishana vipuri au injini baina ya gari na gari. Mifano imechukuliwa katika injini za Toyota za jamii ya HZ, HD, KZ na KD, kwa kuwa ndizo zilizomo katika magari ya Land Cruiser, Prado na Hilux Surf yanayofahamika sana katika Nyanda za Juu Kusini. Hoja inayojengwa ni kwamba kitenzi "kuingiliana" kimekusanya maana tatu: kukaa mahali pake, kufanya kazi, na kuhimili kazi hiyo kwa muda mrefu. Katika injini sahili maana hizo hazikuwa na sababu kubwa ya kutengana. Katika injini ya turbo zimetengana, ilhali neno limebaki moja.

2.0 Mwinuko na hewa

Wilaya ya Kilolo, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Iringa mwaka 2002, ina sura mbili za nchi. Upande wa Ruaha Mbuyuni barabara kuu itokayo Dar es Salaam iko katika mwinuko wa takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Kutoka huko hupanda Mlima Kitonga kwa kona kali hadi Ilula, penye takriban mita 1,400. Upande wa Dabaga na Kilolo yenyewe, ambako mbao na mazao ya bustani huteremshwa kwa barabara za milimani, nchi imepanda zaidi ya mita 1,600.

Takwimu hizi zinaihusu injini moja kwa moja. Kanieneo ya hewa katika mwinuko wa mita 1,800 ni kama asilimia 80 ya ile ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hujaza silinda zake kwa hewa inayoingia yenyewe, hivyo mahali hapo inapata pungufu ya hewa kwa takriban moja ya tano. Dereva akikanyaga mafuta kama alivyozoea pwani, dizeli huzidi hewa, na ile isiyoungua hutoka kuwa moshi mweusi. Moshi huo, ambao aghalabu husemwa ni dalili ya nozeli mbovu, wakati mwingine ni dalili ya mlima tu.

Aidha, maji yasiyo chini ya kanieneo ya ziada huchemka kwa takriban nyuzi 94 za Selsiasi katika mwinuko huo. Mfuniko wa rejeta umeundwa ili kuongeza kanieneo na kukipandisha kiwango hicho. Kwa hiyo mfuniko uliochakaa, ambao Dar es Salaam ungeweza kuvumiliwa kwa muda, Kilolo ni hitilafu kamili.

3.0 Turbo

Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la turbo mwaka 1905, miaka michache tu baada ya Rudolf Diesel kufaulu kuiendesha injini yake mwaka 1897. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Moshi unaotoka katika silinda bado una joto na kasi. Badala ya kuachwa upotee, unapitishwa katika gurudumu dogo lenye mapanga na kulizungusha. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa ekseli fupi na gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa ya nje na kuisukumiza ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na nguvu huongezeka bila ujazo wa silinda kubadilika. Kwa nchi za milimani faida ni kubwa zaidi, kwani upungufu wa hewa uliotajwa hapo juu hufidiwa kwa sehemu kubwa.

Gharama yake ni joto. Ekseli ya turbo yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Injini ikizimwa ghafla mara tu baada ya kumaliza kupanda Kitonga, oili huacha kutiririka wakati nyumba ya turbo ingali na moto mkali, na oili iliyosalia huungua na kuganda kama masizi. Kuiacha injini iungurume bila mzigo kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima ni utaratibu rahisi, lakini abiria wanaotaka kushuka wanunue nyanya za Ilula hawauoni umuhimu wake.

Neno "turbo" limeingia katika Kiswahili bila kupingwa, na hakuna sababu ya kulitafutia mbadala. Linafaa kulinganishwa na "mkonga", jina walilopewa Land Cruiser zenye bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Hapo umma ulitazama umbo, ukaona tembo, ukapata istilahi bila kikao. Turbo imefichika chini ya boneti, haina umbo la kuitia jina. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilishughulikia sayansi za msingi. Lugha ya gereji imeendelea kujijenga yenyewe, kwa mikopo kama silinda hedi, konrodi, kamshafti na rejeta.

4.0 Msimbo wa injini kama neno lenye viambishi

Jina la injini ya Toyota lina muundo ambao mwanaisimu angeutambua kwa urahisi. Sehemu iliyo kabla ya kistari ni mzizi, yaani jamii ya injini. Herufi zilizo baada yake ni viambishi vya sifa. T huonyesha turbo. E huonyesha kwamba upulizaji wa mafuta unaongozwa kwa elektroniki. F katika 1HD-FT huenda sambamba na valvu nne kwa kila silinda, na V katika 1KD-FTV hudokeza mfumo ambamo nozeli zote hulishwa na reli moja yenye kanieneo kubwa.

Katika mazungumzo viambishi hivi hudondoshwa. Injini huitwa kwa mzizi wake tu, au kwa ujazo wake tu: "ya elfu tatu". Hapo ndipo utata unapoanza. 1KZ-TE, ya jamii iliyoanza kutengenezwa mwaka 1993, na 1KD-FTV, iliyoanza mwaka 2000, zote zina silinda nne, ujazo wa sentimeta za ujazo 2,982, kipenyo cha milimita 96 na mwendo wa pistoni wa milimita 103. Kwa vipimo hivyo ni mapacha. Hata hivyo, ya kwanza hupuliza mafuta katika chumba kidogo cha awali kilichomo ndani ya hedi, na ya pili hupuliza moja kwa moja juu ya pistoni. Nozeli za moja hazina maana yoyote kwa nyingine. Mnunuzi aliyeagiza vipuri vya "elfu tatu ya dizeli turbo" amesema kweli tupu, na bado anaweza kuletewa mzigo usiomfaa.

Mfano wa 1HZ na 1HD-T unafunza zaidi. Zote zilianza mwaka 1990, zina silinda sita, kipenyo cha milimita 94, mwendo wa milimita 100 na ujazo wa 4,164. Ya kwanza haina turbo, ina vyumba vya awali na uwiano wa mgandamizo wa 22.4 kwa 1, na hutoa nguvu farasi kama 130. Ya pili ina turbo, hupuliza mafuta moja kwa moja, uwiano wake ni 18.6 kwa 1, na hutoa kama 165. Tofauti hii ya uwiano si ya bahati. Injini inayosukumiziwa hewa kwa nguvu haipaswi kuigandamiza tena kwa kiwango kile kile cha injini isiyosukumiziwa.

5.0 Hitilafu, na kitenzi "kuchemsha"

Fundi husema "gari inachemsha". Kisarufi kauli hii inastaajabisha kidogo, kwani "chemsha" ni kitenzi cha kutendesha kinachohitaji yambwa, na hapa yambwa, yaani maji, imeachwa kabisa. Mtumiaji sanifu angetarajia "maji yanachemka". Kauli ya gereji ina mantiki yake, kwa kuwa mtenda ni injini. Lakini imemzoeza dereva kusubiri mvuke. Katika injini ya turbo yenye hedi ya aloi ya alumini, kama 1KZ-TE, kusubiri mvuke ni kuchelewa. Alumini hutanuka kwa joto zaidi ya chuma cha bloku, na hedi hupata nyufa baina ya valvu na karibu na vyumba vya awali. Maji yakivuja na kuisha, hakuna mvuke wa kutosha kuonekana, na kipima joto kisichoguswa tena na maji chaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Dalili za mwanzo ni nyingine: maji kusukumwa katika chupa ya akiba, mipira ya rejeta kuwa migumu muda mfupi baada ya kuwasha, maji kupungua bila tone kuonekana chini, na moshi mweupe. Hiyo ya mwisho inahitaji uangalifu. Katika baridi ya Juni na Julai, injini nzima kabisa hutoa moshi mweupe alfajiri. Moshi unaoendelea baada ya injini kupata joto ndio unaopaswa kutia shaka.

Dawa inayotumiwa ya kung'oa themostati haifai kutetewa. Katika injini nyingi za aina hii themostati haifungui njia ya kwenda katika rejeta tu, bali pia huziba njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita katika rejeta, na gari lililotolewa themostati ili lisichemshe huweza kuchemsha zaidi likipanda mlima na mzigo.

1HD-T ina ugonjwa wake: beringi za konrodi za matoleo ya mwanzo zilijulikana kuchakaa mapema. Dereva huambiwa injini "imenoki", neno linalotaja mlio. Mlio ukishasikika, kranki shafti imekwisha kuumia. Kwa gari la aina hiyo lisilojulikana historia yake, kukagua beringi kabla ya mlio ni nafuu kuliko kutengeneza baada yake. 1HZ na 1HD-T huendeshwa pia kwa mkanda wa taimingi unaotarajiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Katika gari kuukuu ambalo mita yake haiaminiki, mkanda usiojulikana umri uhesabiwe kuwa umekwisha.

6.0 Maana tatu za kuingiliana

Maana ya kwanza ni kukaa. Matundu ya bolti yanalingana, giaboksi inashika, injini inatua juu ya mikono yake. Fundi hodari huihakiki kwa macho na rula, naye hakosei mara nyingi.

Maana ya pili ni kufanya kazi. Hapa kiambishi E ndicho mwamuzi. 1KZ-TE haiwezi kuhamishwa kwa kubeba chuma peke yake. Pampu yake ya dizeli hungoja amri za kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, pamoja na waya na vihisio vyake. Anayenunua injini iliyokatwa waya amenunua mwili usio na mishipa ya fahamu. 1KZ-T, yenye pampu ya kimakanika, haina sharti hilo. Herufi moja inatenganisha kazi ya siku chache na kazi ya miezi.

Maana ya tatu, kuhimili, ndiyo isiyotamkwa. Turbo inaweza kufungwa katika 1HZ, nayo hukaa na kufanya kazi. Gari likapanda kwenda Dabaga na mbao kwa wepesi uliokuwa haujawahi kuonekana, mwenyewe akaridhika, na fundi akalipwa. Lakini mgandamizo ni ule ule wa 22.4. Dizeli ikiongezwa bila kipimo, joto la moshi hupanda, na nyufa hutokea katika hedi na katika pistoni baada ya muda ambao haumwezeshi mtu kuhusisha kosa na tokeo. Fundi aliposema "inaingiliana" hakudanganya. Alijibu maana ya kwanza na ya pili, ilhali aliyeuliza alikuwa na ya tatu moyoni.

Vitenzi vya kutenganisha maana hizi tayari vimo katika Kiswahili cha kila siku: "kukaa", "kufanya kazi" na "kuhimili". Kinachohitajika ni swali kuulizwa mara tatu badala ya mara moja, na oda ya kipuri kuandikwa kwa msimbo mzima wa injini pamoja na namba ya chesisi, viambishi vyote vikiwemo, hata kama muuzaji wa spea atasema kwamba "elfu tatu" inatosha.