Unasoma Kitabu Gani Siku Hizi? Maelezo kwa Wanafasihi Wenzangu

Katika idara za fasihi kuna swali moja ambalo watu hulikwepa kuliko hata swali la lazima la mtihani. Swali lenyewe ni hili: unasoma kitabu gani siku hizi? Mwambie mwanafunzi wa mwaka wa pili akutajie dhamira za Rosa Mistika, atakupangia tano au sita bila kuvuta pumzi. Muulize anasoma nini kwa raha yake mwenyewe, hapo sasa utamwona anakuna kichwa. Akijibu, mara nyingi atataja kitabu kilichomo katika orodha ya kozi, au ataitaja Nagona, maana kuitaja Nagona mbele za watu kunaleta heshima. Makala haya yanajaribu kueleza ugumu huo unatoka wapi, na namna ya kulijibu swali hilo ili yule anayeuliza aondoke na kitu.

Chanzo, kwa maoni yangu, ni jinsi tulivyokutanishwa na riwaya. Wengi wetu tulipewa kitabu na kipimo chake kwa pamoja: fani na maudhui. Huku dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Kule muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Sisemi kipimo hiki hakifai. Kinamsaidia mtu asipotee, na mwalimu mwenye darasa la wanafunzi mia mbili anahitaji kitu cha kusahihishia. Lakini kina sharti moja ambalo halitajwi: kinamtaka msomaji awe amekwisha maliza kitabu, amekifunga, na amekaa mbali nacho kama hakimu. Mtu aliye katikati ya kitabu hana mahali katika mpango huo. Hajui mgogoro utaishaje, ujumbe haujamfikia, na mhusika anayempenda leo huenda akamchukia kesho. Basi akiulizwa, ananyamaza.

Na hapo ndipo tunapopoteza jambo kubwa. Chukua istilahi moja tu, taharuki. Katika madesa yetu taharuki hupewa mstari mmoja, kwamba ni hali ya msomaji kutaka kujua kitakachotokea, kisha tunaruka kwenda kwenye tamathali za semi. Lakini nani anayeijua taharuki? Si yule aliyemaliza. Aliyemaliza anajua muuaji ni nani, anajua msichana ameolewa na nani. Taharuki anayo yule ambaye kidole chake bado kiko ndani ya kitabu na taa za bweni zinakaribia kuzimwa. Kwa hiyo maneno ya msomaji aliye katikati ni ushahidi ambao mhakiki hawezi kuupata kwa njia nyingine.

Hebu tumtazame Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, na ikafuatiwa na nyingine kama Kisima cha Giningi (1968) na Duniani Kuna Watu (1973). Wahakiki walimwandama sana mwandishi huyu: eti Bwana Msa na kiko chake ni Sherlock Holmes aliyevalishwa mavazi ya Unguja, eti jamii na matabaka yake hayaonekani. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini nipo katikati ya Duniani Kuna Watu hivi sasa, na ninachokiona ni kingine kabisa: Kiswahili cha mazungumzo cha Unguja kikitembea kwa miguu yake, watu wakibishana, wakikatizana, wakifichana mambo kwa adabu. Najum anakurupuka na dhana yake, Bwana Msa ananyamaza, nami msomaji nakurupuka pamoja na Najum. Mtego huo umetegwa kwa lugha, si kwa maiti tu. Ukiusubiri mpaka mwisho ndipo uueleze, umeshaufyatua.

Wapo pia wanaosoma riwaya zinazoitwa pendwa kwa siri, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), amesomwa na watu wengi ambao hawatamtaja kamwe kwenye semina. Mbona tunaona haya? Kama kitabu kimekukesha, kuna ufundi uliokukesha, na kazi ya mwanafasihi ni kuutafuta ufundi huo, siyo kujifanya alilala saa nne.

Sasa niseme kidogo juu ya vitabu tulivyovisoma kwa ajili ya mtihani. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) imekuwa kitabu teule cha kidato cha tano na sita kwa miaka mingi Tanzania Bara, na matokeo yake ni kwamba kuna vijana wanaoujua msimamo wa mwandishi kuliko wanavyomjua Yasmin. Nimeirudia mwezi huu bila kalamu mkononi. Katika madesa Mwajuma ana mistari miwili: ni rafiki wa Yasmin, ana huruma, anafaa kuigwa na jamii. Wapi! Soma pale Yasmin, aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa kumzaa, anapokimbia na ndugu zake wenyewe wanamfungia mlango. Mlango unaofunguka ni wa Ng'ambo, wa Mwajuma, mwanamke ambaye hawahusiani kwa damu wala kwa kabila. Tangu hapo kitabu kinabadilika sauti, kinakuwa na kicheko. Habari za Denge na makachero wa kikoloni wanaomsaka zinashika kasi, ni kweli, lakini ukiuondoa ule uchangamfu wa chumba cha Mwajuma, siasa ya Denge inabaki hotuba. Jambo hili halikai vizuri katika jedwali la wahusika. Linakaa vizuri sana katika maongezi ya watu wawili wanaotembea kwenda kula. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imewafanya wengine waitafute tena riwaya hii, nami nawashauri waanzie hapohapo, kwa Mwajuma.

Kitabu ninachokisoma kwa raha kuliko vyote ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022. Riwaya yenyewe Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza na ilichapishwa mwaka 1994; mwaka 2021 mwandishi akapewa Tuzo ya Nobel, ndipo watu wengi wa kwetu wakauliza huyu ni nani. Ni habari ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anayechukuliwa na tajiri Aziz na kupelekwa pwani. Yeye anadhani amekwenda kukaa na jamaa yake; kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Sasa angalia ugumu uliomkabili mfasiri. Kiingereza kina neno moja tu kwa ami, baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Kiswahili hakikuruhusu kujificha humo. Ukimwita mtu mjomba umeshasema ni nduguye mama; ukimwita ami umeshasema ni upande wa baba. Na riwaya nzima inasimama juu ya undugu ambao haupo! Mtoto anamwita mtu kwa jina la udugu, halafu Khalil, kijana wa dukani, anamfundisha kwamba huyo si jamaa yake hata kidogo, amwite Seyyid. Kwa Kiingereza pigo hilo linamwangukia Yusuf. Kwa Kiswahili, nadhani linatuangukia sisi pia, kwa sababu majina hayo ndiyo tunayowaitia watu kila siku, pamoja na wasio ndugu zetu. Mimi sijafika mwisho, na tafadhali aliyefika asiniambie.

Na Nagona? Ninayo, ninaisoma taratibu. Kezilahabi aliitoa mwaka 1990, Mzingile ikafuata 1991, na zote mbili hazifiki kurasa mia moja, lakini usidanganyike na wembamba wake. Ushauri wangu ni mmoja tu. Usianze kuuliza hii ni ishara ya nini, na ile inawakilisha nini. Isome kama unavyoota ndoto. Acha safari ikupeleke, wanafalsafa wa Ulaya wapite mbele yako kama wapita njia, kisha usiku wa pili ndipo uulize. Wanaoiita ngumu wengi wao walianza na uhakiki wake kabla ya yenyewe.

Kwa hiyo mtu akikuuliza unasoma nini, mjibu hivi: taja kitabu, sema umefika wapi, mweleze kitu kimoja kilichokushika. Kimoja tu, cha ukurasa huo, hata kama ni jina la mtu au tusi zuri. Usimhadithie kisa chote. Kama kinakuchosha mwambie kinakuchosha wapi, maana hilo nalo ni uhakiki. Mwisho wa kitabu si mali yako kuugawa.

Kuna sababu nyingine ya kulizungumzia jambo hili, nayo inahusu tumbo la fasihi yenyewe. Soko la vitabu nchini mwetu hutegemea mno shule. Riwaya ikiingia kwenye mtaala inachapwa tena na tena. Isipoingia, hata iwe nzuri namna gani, nakala zake huisha dukani na kubaki maktabani, nyingine zikiwa zimeng'olewa kurasa. Tuzo zimesaidia, kama ile ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014, lakini tuzo humfikisha mwandishi jukwaani tu. Kutoka jukwaani hadi mkononi mwa msomaji hupitia mdomo wa msomaji mwingine. Boom likitoka, mtu ananunua kile alichosikia kinasifiwa chumba cha pili. Tukinyamaza, atanunua desa.

Mimi niliyeambiwa juzi ni kuhusu Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976). Aliyeniambia hakunitajia dhamira hata moja. Alisema tu: kuna mtoto anazaliwa, baba anaitazama rangi yake, na anaanza kumtilia shaka mama. Akanyamaza. Kitabu kinaazimwa kwa siku tatu, na mbele yangu kwenye foleni kuna watu wawili.