Hisa za senti: bei unayoiona siyo bei utakayouzia

Kijana mmoja wa kwaya yetu alituonyesha simu yake baada ya ibada. Shemeji yake anayeishi Marekani alikuwa amemwandikia: tuma dola 200, nikununulie hisa za senti mbili mbili, zikifika dola moja, umasikini umekwisha. Zile dola 200 alikuwa ameziweka za kununua cherehani. Tulimwomba asubiri, tukaketi naye tuangalie hisa hizo zinauzwa wapi.

Huko Marekani, hisa ya chini ya dola 5 kwa kawaida huhesabiwa kuwa hisa ya senti. Bei ndogo peke yake si kosa. Swali ni soko. Katika masoko makuu kama NASDAQ, kampuni inalazimika kutangaza hesabu zake. Nje ya hapo, madalali huuziana wenyewe kwa wenyewe, tena kwa ngazi mbalimbali, na ngazi ya chini kabisa huitwa soko la kijivu.

Soko hilo si haramu, lakini ndani yake hakuna dalali anayetangaza bei. Ni kama mtu mwenye mbuzi katika kijiji kisicho na soko. Anazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza. Akipata mnunuzi, wanapatana wawili, na ndipo biashara inaandikishwa. Namba unayoiona kwenye simu ni bei ya biashara ya mwisho tu. Pengine ni ya wiki tatu zilizopita. Pengine ziliuzwa hisa 100 tu, yaani dola mbili! Mwenye hisa 10,000 anapiga hesabu kwa senti mbili, anaona dola 200, anafikiri anazo. Siku ya kuuza hakuna anayemjibu, au anayejibu anatoa nusu senti. Hiyo ni dola 50.

Hisa huangukaje huko? Njia moja ni hii: SEC, tume ya serikali inayosimamia masoko hayo, inaweza kusimamisha biashara ya hisa kwa siku 10 za kazi. Zikiisha, madalali hawaruhusiwi kutangaza bei tena mpaka taarifa za kampuni zichunguzwe upya. Machi 2020, wakati wa Covid, watu walikimbilia hisa za Zoom, ile ya mikutano ya video. Wengine walinunua za Zoom Technologies, kampuni nyingine kabisa, ambayo haikuwa imetangaza habari zake tangu 2015. Bei ikaruka. SEC ikaisimamisha, na walionunua wakati bei iko juu hawakuweza kuuza.

Hatusemi shemeji ni mwizi. Mwenye mamilioni ya hisa zisizo na mnunuzi hutafuta watu wa kumsifia, na huenda shemeji amemsikiliza mmoja wao. Kijana alimwandikia maswali matatu: hisa inaitwaje, inauzwa katika soko gani, na leo ni nani anayetangaza kuinunua, kwa bei gani?

Shemeji amejibu la kwanza tu. Cherehani imeshanunuliwa.